Fungu la Kwanza: Wakfu, Wageni na Matengenezo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mji Mkongwe wa Zanzibar huuzwa kwa wageni kana kwamba ni zawadi ya maumbile, sawa na ufukwe wa Nungwi au maji ya Mnemba. Vipeperushi huonesha milango ya nakshi, vichochoro, misikiti na baraza za mawe, na mgeni huondoka akiamini kwamba vitu hivyo vimejikalia tu tangu zamani. Ukweli ni kwamba miji inayodai kazi kama huu ni michache. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Chokaa hunyonya maji na kuyatoa, kwa hiyo haina budi kupakwa upya kila baada ya muda; maji ya masika yakipata upenyo darini, boriti huanza kuoza ncha zake, ndani ya ukuta, pasipoonekana, na ghorofa nzima hulegea kabla aliyemo hajaona ufa. Kwa mji wa namna hii, kujua nani aliujenga ni nusu tu ya historia. Nusu ya pili, ambayo haielezwi sana kwa watalii, ni nani aliyekuwa akilipa mafundi mwaka baada ya mwaka. Kwa sehemu kubwa jibu lake ni wakfu. Hoja ya makala haya ni kwamba uchumi wa Kiislamu wa mwambao, kupitia wakfu na desturi zilizofanana nao, uliweka kanuni moja ambayo utalii wa leo umeipindua: kitu kinachozaa pato hupewa fungu lake kwanza, ndipo wagawane wanaokula pato hilo. Utalii wa pwani utadumu au hautadumu kwa kadiri utakavyoirudia kanuni hiyo, hata kama wanaoifuata hawatalitaja jina lake la Kiarabu.

Kabla ya kufika kwenye wakfu, yafaa kuondoa dhana kwamba wageni waliletwa na ndege. Mwambao uliishi kwa wageni karne nyingi kabla ya hoteli ya kwanza. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, kusi ikavirudisha, na kati ya pepo hizo mbili mfanyabiashara alilazimika kukaa bandarini wiki nyingi, pengine miezi. Alihitaji pa kulala, maji, msikiti, ghala na mtu wa kumwamini. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, ameeleza jinsi Mogadishu ilivyolipanga jambo hilo. Vijana walitoka na mashua kuifuata merikebu iliyotia nanga, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na aliyempa mfanyabiashara sahani hiyo akawa mwenyeji wake. Mgeni alilala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji akamuuzia na kumnunulia bidhaa. La muhimu zaidi ni sharti lililofuata: aliyenunua kitu kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia kitu bila mwenyeji kuwapo, biashara yake haikutambuliwa. Ukarimu hapa ulikuwa na meno. Ulikuwa dhamana ya kibiashara iliyombana mwenyeji mbele ya mji mzima. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwenye nyumba iliyotengwa kwa ajili ya wanafunzi wa elimu ya dini. Alipofika Mombasa alikuta visima kwenye milango ya misikiti, pamoja na vyombo vya mti vya kutekea maji na mahali pa kuoshea miguu. Nyumba ya wanafunzi haijitunzi, wala kisima hakijichimbi mchanga. Nyuma ya kila huduma aliyoiona msafiri huyo palikuwa na mali fulani iliyokwisha kupewa kazi hiyo.

Wakfu ndio utaratibu uliozoeleka wa kuipa mali kazi ya namna hiyo. Mwenye nyumba, duka au shamba huizuia mali yake isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na pato lake likaelekezwa kwenye jambo la kheri au kwa watu aliowataja. Msimamizi, yaani mutawali, huisimamia kwa masharti ya aliyeiweka, na kadhi ana haki ya kumhoji. Haya yanajulikana na wengi. Kisichotajwa sana ni mpangilio wa matumizi. Mafakihi waliweka wazi kwamba ikiwa muwakifu, yaani aliyeweka wakfu, hakutenga mahali pengine pa kugharimia matengenezo, basi pato la mali yenyewe ndilo linalobeba gharama hizo, na wanaonufaika hawana haki ya kudai chao huku paa likivuja. Mantiki yake ni nyepesi: wakfu umekusudiwa kudumu milele, na mali iliyoanguka haizai kitu. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi walifika mbali zaidi, wakaweka ukomo wa kawaida wa kukodisha mali ya wakfu kuwa mwaka mmoja kwa nyumba na miaka mitatu kwa ardhi ya kilimo, kwa kuhofia kwamba mpangaji akikaa mno ataanza kujihesabu mwenye mali. Wazanzibari walio wengi ni Shafii, na watawala wao wa Kiomani walikuwa Ibadhi, kwa hiyo si kila hukumu ya Kihanafi ilitumika kwao. Lakini wote waliijua hofu hiyo, na wote waliijua kanuni ya kwamba matengenezo hutangulia.

Kanuni hiyo haikubaki vitabuni, na wala haikuwa ya matajiri peke yao. Mvuvi wa mwambao aliyepanda chombo cha mtu mwingine aliijua bila kusoma fikihi. Samaki wakishauzwa, kwanza hutolewa gharama za safari. Kisha chombo chenyewe hupata fungu lake, na nyavu huhesabiwa. Ndipo nahodha na mabaharia wagawane kilichobaki. Fungu la chombo humwendea mwenyewe, lakini humwendea akiwa na jukumu la kuziba, kupaka na kushona tanga. Safari ikirudi mikono mitupu, hakuna anayemdai mwenziwe ujira, kwani faida na hasara wamezichukua pamoja. Na waliosaidia kukivuta chombo pwani hawakosi kitoweo. Huu ndio ushirika wa hatari ambao vitabu vya uchumi wa Kiislamu vinausifu kama badala ya riba, ila hapa umevaa shuka na kunuka shombo. Thamani za kienyeji na sheria ya dini zilikutana mahali pamoja: mali inayolisha watu ina haki juu ya watu hao.

Mji Mkongwe ulikua juu ya kanuni hiyo. Ndani ya eneo dogo mna misikiti inayokaribia hamsini, mingi yake midogo, isiyo na mnara, iliyojificha katika safu ya nyumba. Wingi huo una maelezo ya kiuchumi. Mwanahistoria Abdul Sheriff ameonesha jinsi misikiti ya mji ilivyofungamana na wafanyabiashara na wenye mashamba walioijenga, kila mmoja katika mtaa wake, na jinsi mashamba na nyumba zilivyowekwa wakfu ili kuiendesha. Msikiti mmoja ulikula kodi ya duka la jirani, mwingine minazi ya shamba la mbali. Wakfu mwingine ulikuwa wa visima, wa futari ya Ramadhani, wa kusomewa Kurani makaburini, wa ndugu maskini, wa watumwa walioachwa huru, hata wa watu wa Makka na Oman. Kwa njia hii kodi ya pango ilizunguka ndani ya mtaa na kurudi kwenye kuta zilezile zilizoizaa. Wahindi wa Zanzibar nao walikuwa na desturi zao za kheri. Zahanati ya Tharia Topan, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, ni ushahidi kwamba tajiri wa mji huu alitarajiwa kuacha jengo la umma nyuma yake. Hicho wanachokipiga picha watalii, yaani msikiti, kisima, baraza na nyumba vikiwa vimeshikana bega kwa bega, ni daftari la hesabu lililoandikwa kwa mawe.

Kuvunjika kwa utaratibu huu hakukuanza na utalii. Kulianza mahakamani. Mwaka 1894 Baraza la Faragha mjini London, likiamua shauri lililotoka Bengal, lilikataa wakfu wa familia, yaani ule ambao pato lake huwaendea kwanza kizazi cha aliyeuweka na kheri ikafuata baadaye, kwa hoja kwamba kheri iliyoahirishwa mpaka kizazi kiishe si kheri ya kweli. Waislamu wa India walipinga mpaka wakapata sheria ya kuutambua wakfu huo mwaka 1913. Afrika Mashariki kivuli cha hukumu ile kiliendelea. Mwaka 1952 Baraza hilohilo liliitumia tena katika shauri la familia ya Bakhshuwen kutoka Kenya. Huku nyuma, Zanzibar ilikuwa imeundiwa Kamisheni ya Wakfu kwa amri za miaka ya 1905 hadi 1907, chini ya jicho la maofisa wa Kiingereza. Kamisheni iliokoa mali nyingi kutoka mikononi mwa mutawali wezi, na hilo lazima likubaliwe. Lakini ilileta pia fikra mpya. Kwa ofisa wa kikoloni, kumlipa mtu asome Kurani kaburini au kupeleka fedha Makka kulikuwa upotevu, na ziada ya wakfu ilikuwa fedha ya kuelekezwa kwenye alichokiona kuwa na faida. Polepole daftari la kila msikiti na kila nyumba likaanza kumezwa na hesabu za ofisi moja. Pato na ukuta vikaanza kutengana.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mtengano huo ulikamilika. Ardhi ilitaifishwa, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, na wenye nyumba wengi wakahama visiwa. Familia kutoka mashamba na Pemba zilipewa vyumba katika majumba yaliyojengwa kwa familia moja kubwa, kwa kodi ndogo mno. Kwa waliopata makazi kwa mara ya kwanza, hii ilikuwa haki iliyocheleweshwa, na si busara kuikejeli. Hata hivyo kodi ya namna hiyo haikuweza kununua chokaa, sembuse boriti. Nyumba za wakfu nazo zilikumbwa na hali hiyohiyo. Kamisheni ilipoundwa upya mwaka 1980 ilirithi mali iliyochoka na wapangaji wasiozoea kulipa. Hesabu ya majengo iliyofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuta zaidi ya majengo 1,700 ya kale, na takriban robo tatu yake yakiwa katika hali mbaya au yakizidi kuharibika. Tusisome takwimu hiyo kama kosa la wapangaji maskini. Inaonesha kinachotokea mji wa chokaa unapopoteza fungu lake la kwanza kwa kizazi kimoja tu.

Utalii ulifika katika hali hiyo, ukiahidi kuwa ndio utakaolipa. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilifungua mlango wa uwekezaji. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, mpango wa uhifadhi ukapitishwa mwaka 1994, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Majumba kadhaa yaliyokuwa magofu yakageuzwa hoteli, na baadhi yalikarabatiwa kwa ustadi. Idadi ya wageni ilipanda mpaka ikapita 600,000 mwaka 2023. Hapo ndipo tunapopaswa kuuliza swali la mutawali: katika kila dola aliyoacha mgeni, fungu la ukuta lilikuwa lipi, na lilitoka la ngapi? Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa alama ya mji na makumbusho yaliyotoza kiingilio. Sehemu yake ilianguka mwaka 2012, na tarehe 25 Disemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa imekwisha kuanza, sehemu kubwa zaidi iliporomoka na kuua watu wawili. Karibu na hapo, ujenzi wa hoteli katika jumba la Mambo Msiige uliifanya Kamati ya Urithi wa Dunia ieleze wasiwasi wake waziwazi. Mifano hii miwili inaonekana kama kinyume, mmoja wa fedha kukosekana na mwingine wa fedha kuzidi, lakini kasoro yake ni moja. Katika wa kwanza jengo lilizaa pato lisilorudi kulitengeneza kwa wakati. Katika wa pili jengo lilitakiwa kuzaa zaidi ya umbo lake. Fikihi ya wakfu ingeikataa yote miwili, kwa kuwa mutawali haruhusiwi kula kabla ya kutengeneza, wala kuigeuza sura ya mali ili aongeze chakula.

Nje ya mji, mahali pa ukuta pamechukuliwa na maji. Katika sheria ya Kiislamu maji ya kisima yana daraja za haki zinazoeleweka hata na mtoto wa chuoni: kiu ya mtu hutangulia, kisha ya mnyama, kisha mmea, na kisima kina eneo lake la hifadhi ambalo jirani haruhusiwi kuchimba akakikausha. Vijiji vya mashariki na kaskazini ya Unguja viko juu ya jiwe la matumbawe, na maji yao matamu ni utando mwembamba ulio juu ya maji ya chumvi. Ukivutwa kwa pupa, bahari huingia chini. Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitoa utafiti uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Ulikuta kaya ya kijijini ikitumia wastani wa takriban lita 93 kwa siku, huku chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kikitumia takriban lita 3,195. Kwenye ufukwe huohuo, wanawake wa Paje na Jambiani walikuwa wameanza kulima mwani kwa biashara tangu 1989, na mashamba yao ya maji ya bamvua yakajikuta yakigombea nafasi na waogeleaji. Pwani ambayo zamani haikuhesabiwa kuwa ardhi ya thamani, kwa kuwa haikuota mikarafuu, iligawiwa kwa mikataba mirefu kabla ya mtu kuuliza kisima cha kijiji kinapewa fungu gani.

Kwamba kanuni hii bado inaweza kufanya kazi, Misali ni shahidi. Kisiwa hiki kidogo magharibi ya Pemba, ambacho wavuvi wanasimulia kuwa Nabii Khidhri alisali juu yake, kiliponea chupuchupu kugeuzwa hoteli katika miaka ya 1990, baada ya wavuvi wanaokitegemea kupinga. Mwaka 1998 kikatangazwa eneo la hifadhi, na baadaye kikaingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya mkondo wa Pemba. Mwaka 1999 taasisi ya Kiislamu ya mazingira kutoka Uingereza, iliyoanzishwa na Fazlun Khalid, ilishirikiana na wahifadhi kuwafundisha maimamu, walimu na wavuvi makatazo ya Kurani juu ya ufisadi katika ardhi na bahari, pamoja na desturi ya hima, yaani eneo linalofungwa na jamii ili lipumzike, ambayo Mtume aliitumia Madina. Baruti na mitego haribifu, vitu ambavyo amri za serikali hazikuvimaliza, vilianza kuzungumzwa misikitini kama dhambi. Mgeni anayezuru Misali hulipa kuingia, lakini kisiwa hakikuwekwa kwa ajili yake. Kiliwekwa kwa ajili ya samaki na wavuvi, na yeye hukaribishwa kwenye kilichobaki. Huo ndio mpangilio wa wakfu: mali kwanza, wenye haki baadaye, mgeni akifaidi bila kuwa yeye kipimo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni zito na halifai kuzungukwa. Mashamba ya mikarafuu yaliyolisha misikiti mingi yalilimwa na watumwa, na utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 tu. Je, tunawasifu wanyonyaji kwa sababu walijenga visima? Hapana. Wakfu hausafishi mali iliyopatikana kwa dhuluma, na wanazuoni walijua hivyo. Lakini tunachokipima hapa ni utaratibu wa kutunza, na utaratibu huo una chembe ya haki ambayo hata watumwa walioachwa huru waliitumia: wakiandikwa katika wakfu, walikuwa na haki ya kudai mbele ya kadhi, jambo ambalo mfanyakazi wa msimu wa hoteli hana juu ya jengo analolifagia. Pingamizi hilo likishachukuliwa kwa uzito wake, linatuongezea sharti badala ya kutuondolea hoja. Anayetaka kufufua kanuni ya fungu la kwanza leo lazima aulize pia jasho lililozalisha pato ni la nani na lililipwa kiasi gani.

Pingamizi la pili linatoka kwa wachumi. Mwanauchumi Timur Kuran amedai kwamba wakfu uliigandisha mali: masharti ya mtu aliyekufa yalizuia walio hai kuitumia kwa namna mpya, na jamii za Kiislamu zikabaki nyuma. Zanzibar ina mifano ya kumpa nguvu, kwani kodi zisizopandishwa na mashamba yaliyosambaratika miongoni mwa warithi wasiohesabika ni mambo ya kweli, na si siri kwamba mali za wakfu zimewahi kufujwa na waliokabidhiwa. Hata hivyo historia ya mji huu haielekei upande wake moja kwa moja. Majumba hayakuporomoka wakati masharti yalipokuwa magumu. Yaliporomoka yalipolegezwa, pale ofisi ya kikoloni ilipoanza kuchagua kheri yake yenyewe na pale kodi ilipogeuzwa kuwa ishara. Kilichokufa kilikuwa uhusiano kati ya pato na matengenezo, na uhusiano huo ndio ulikuwa sehemu ngumu zaidi ya wakfu. Ugumu huohuo ndio unaouhitaji mji wa chokaa, kwa sababu kila kizazi cha wasimamizi hupata kishawishi cha kuahirisha fundi mpaka mwakani. Mnyumbuko unafaa katika matumizi ya ziada. Katika fungu la kwanza haufai kabisa.

Wapo pia wanaosema kwamba kazi hii sasa ni ya kodi: watalii hulipa ushuru, serikali hukusanya, serikali itatengeneza. Kodi ni lazima, lakini haifanani na wakfu. Kodi huingia katika hazina moja ambamo paa la Mji Mkongwe hushindana na mishahara, dawa na barabara, na paa halipigi kura. Wakfu ulifungia pato kwenye jengo lililolizaa, kwa hiyo matengenezo hayakuwa fadhila ya bajeti. Wengine wanatafuta jibu katika utalii halali, unaokua kwa kasi duniani: chakula kisicho na shaka, kibla kilichooneshwa chumbani, hoteli isiyouza pombe. Hakuna ubaya katika kumstarehesha mgeni Mwislamu. Lakini kipimo hiki hukagua meza ya mgeni na kuliacha daftari la mwenyeji. Hoteli inaweza kutimiza masharti yote hayo huku ikikausha kisima cha kijiji. Ndivyo pia mabango yanayowaomba watalii wavae kwa stara. Ombi hilo ni la haki, ila heshima imebaki sharti la mgeni peke yake, ilhali ile desturi ya Mogadishu ya 1331 ilimwekea masharti mwenyeji. Na kwa sababu masharti ni ya mwenyeji, dini ya mgeni haina nafasi katika hoja hii. Kisima cha wakfu kilimnywesha kila mwenye kiu.

Kinachotakiwa basi kinaweza kuandikwa katika mkataba bila kumtisha mtu yeyote. Kila jengo la kale la serikali au la Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana linalokodishwa kwa biashara ya wageni liwe na fungu la matengenezo linalotolewa katika kodi kabla ya jingine lolote, likae katika hesabu ya jengo hilohilo, na hesabu hiyo isomwe hadharani kwa wakaazi wa mtaa kila mwaka. Muda wa kukodisha uwe mfupi kiasi cha kumkumbusha mpangaji kuwa yeye ni mpangaji, na mrefu kiasi cha kumwezesha kurudisha mtaji wake. Kuufanya upya kutegemee hali ya ukuta, na si kiasi cha faida pekee. Pwani, kibali cha hoteli kipimwe kwanza kwa kisima: kijiji kipate maji yake kamili kabla chumba cha kwanza hakijafunguliwa. Wafanyabiashara wenyewe, wakiwamo wa Kizanzibari waliotajirika kwa utalii, wana uwezo wa kuweka wakfu mpya wa fedha au wa nyumba kwa ajili ya chokaa, mafundi na mafunzo ya vijana, kama waliowatangulia walivyofanya kwa misikiti. Kuwangoja si lazima. Serikali inamiliki majengo mengi ya Mji Mkongwe yanayokodishwa hivi sasa, na mikataba yake hufika ukomo mmoja baada ya mwingine. Mkataba unaofuata kusainiwa unaweza kuwa wa kwanza wenye fungu la ukuta juu ya orodha, na baada ya masika machache hali ya paa lake itatupa jibu ambalo takwimu za uwanja wa ndege haziwezi kulitoa.